Mpini wa Kushoto

Chukudu ilipovunjika pale mteremko wa Kibumba
viazi vilijigawia barabara vyenyewe,
magunia matatu, na gurudumu la mbele
likaenda zake bila kuaga.
Nilirudi Ndosho kwa miguu, begani mpini mmoja.
Wa kulia niliuacha kule, uwe shahidi.

Kyakimwa hakuuliza viazi.
Aliupima mpini kwa shibiri, moja na nusu,
akaunusa, akasema:
Humu mna sindano nne za kufumia. Zitoe.

Mimi najua kusukuma.
Najua breki ya kipande cha tairi, najua bega,
sijui kitu chembamba.
Nilipasua kwa panga, polepole, nikifuata nyuzi za mti,
maana mti ukiukata kinyume na nyuzi zake
hulipiza baadaye, mkononi mwa asiye na kosa.
Vikatoka vijiti vinne vya mraba.
Mtoto wa jirani akachungulia:
Mishikaki ni ya leo?

Kisu cha kumenyea, hakuna kingine.
Unakwangua pembe nne, zinakuwa nane.
Unakwangua nane, zinakuwa sijui ngapi,
na hapo ndipo mviringo unapoanza,
mahali hesabu inapochoka.

Kwetu jiwe la kusugulia halinunuliwi.
Ukitoka mlangoni umeshalikanyaga.
Lilishuka likiwa moto, likaingia kwa baba mkwe
bila hodi, likala cherehani yake na meza yake,
likapoa palepale, likajiita ardhi.
Nimevunja kipande. Nimekichonga mfereji mdogo,
nikapitisha kijiti, mbele, nyuma, mbele, nyuma,
vumbi jeupe juu ya jiwe jeusi.
Nilikuwa nalidai muda mrefu.
Lilifanya kazi.

Baada ya jiwe, majani ya msasa,
Mama Nzigire aliyaleta toka Minova ndani ya gazeti.
Mti huu uliipa karatasi ya dukani jina lake
na karatasi haijarudi kushukuru.

Kipimo ni kizibo cha chupa
kilichotobolewa kwa msumari wa inchi nne.
Sindano ikipita bila kulia, imetosha.
Tatu zilipita.
Ya nne ililia.
Umeme ukaondoka, nikaendelea gizani,
nikiiona kwa kidole gumba.

Kwenye kisigino, ili mafundo yasimwagike,
tunda kavu la mkaratusi na tone la gundi.
Mti uleule, umevaa kofia yake.

Halafu kosa, na ni langu.
Nilizipaka mawese.
Ziling'aa! Nilizipitisha kwa majirani
kama mtu anayeonyesha pacha wachanga.
Kyakimwa alikuwa amefumua sweta jeupe la mitumba,
ameuosha uzi, ameutundika na jiwe chini
usahau mikunjo ya mwenyewe wa kwanza.
Mistari kumi ikatoka rangi ya machungwa.

Hakusema. Alifuma tu.
Zamani alifumia spoku za baiskeli,
chuma kwa chuma, ugomvi wa vijiko.
Hizi zilisema tok, tok,
kama anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyotaka kuiamsha.

Ile ya nne bado nene kidogo.
Mstari mmoja unakaza, mmoja unalegea,
sweta zima linapumua hivyo.
Mama Nzigire alilishika, akaligeuza, akalinyoosha kwenye dirisha:
Upindo huu wa machungwa, mnaupataje?
Nataka mawili, ya mapacha wa Nsimire.
Kyakimwa akanitazama.
Mimi nikatazama chupa ya mawese.

Usiku nilizihesabu tena kwenye mkebe.
Moja ina doa jeusi katikati,
pale kiganja changu kiliposhika miaka sita
nikipanda, nikishuka na viazi vya watu.
Jiwe halikulitoa. Msasa haukulitoa.
Kyakimwa anasema hiyo ndiyo anaianza nayo,
haitelezi.